Stempu ya shilingi moja, Filbert Bayi na sanduku la babu

Namasakata, Ruvuma. Katika nyumba nyingi za vijijini lipo sanduku la bati linalokaa chini ya kitanda cha mkubwa wa nyumba. Ndani yake mna karatasi za shamba, kadi za kliniki za watoto ambao sasa nao wana watoto, picha ndogo zilizopauka, risiti za mauzo ya korosho na barua za ndugu walioondoka zamani kwenda mjini. Watoto hukatazwa kulifungua. Wajukuu hulifungua hivyo hivyo.

Tuseme nyumba hiyo iko Namasakata, na mjukuu wa darasa la sita amelifungua Jumamosi moja mvua inanyesha, anatafuta cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa shuleni. Mkononi anabaki na bahasha ya kaki iliyoliwa pembeni na mende. Kwenye kona ya juu ipo stempu, na juu ya stempu mtu anakimbia.

“Babu, huyu ni nani?”

Swali dogo kama hilo huulizwa na kupita. Babu akiwa amechoka atajibu kwa neno moja, bahasha itarudi sandukuni, na mwaka utakaofuata itawashia moto jikoni. Lakini kama ni stempu ya shilingi moja ya mwaka 1976, mtu huyo ni Filbert Bayi, na kipande hicho cha karatasi kina hadithi ambayo hata wakusanyaji wa vitu vya michezo wa Marekani, wanaolipa mabilioni ya shilingi kwa kadi za besiboli, wangeisikiliza hadi mwisho.

Mwaka huo posta ya pamoja ya Afrika Mashariki ilitoa stempu nne kwa ajili ya Olimpiki ya Montreal, Canada. Ya senti 50 ilikuwa na John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972. Ya shilingi moja ilikuwa na Bayi. Ya shilingi mbili alikuwapo Stephen Muchoki, bondia wa Kenya. Ya shilingi tatu ilikuwa na mwenge wa Olimpiki na bendera za nchi tatu.

Katika wanamichezo hao watatu, hakuna hata mmoja aliyeshindana Montreal. Na jumuiya iliyochapisha stempu hizo ilivunjika mwaka uliofuata, 1977. Yaani bahasha ile ya kaki ina picha ya mbio ambazo hazikukimbiwa, imechapishwa na posta ambayo haipo tena.

Kijana wa Karatu

Bayi alizaliwa Juni 23, 1953, Karatu, na akawa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 alikuwa na miaka 19 na hakufika fainali. Mwaka mmoja baadaye, Lagos, katika Michezo ya Afrika, alimshinda Kipchoge Keino kwenye mita 1,500. Keino ndiye aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa umbali huo mwaka 1968, na kwa kizazi kile jina lake lilikuwa ndilo jina la riadha ya Afrika. Wengi walidhani kijana kabahatisha.

Februari 2, 1974, ikaja zamu ya Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wa umbali huo walizoea kuviziana: unajificha nyuma ya mwenzako, unamwacha akukatie upepo, kisha unafyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi alifanya kinyume. Mlio wa bastola ulipotoka naye akatoka, akamaliza mita 400 za kwanza kwa chini ya sekunde 55, na hakuna aliyemwona uso tena hadi kwenye utepe.

Anayekimbia mbele peke yake hulipa gharama mbili. Anapambana na upepo wote mwenyewe, na hajui aliye nyuma yuko umbali gani. John Walker, kijana wa nyumbani, alikuwa anakuja, uwanja mzima ukimshangilia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker alipata 3:32.52, naye akawa ameipita rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967, lakini akarudi nyumbani na medali ya fedha. Wa tatu, Ben Jipcho wa Kenya, alitumia 3:33.16. Kuvunja rekodi ya dunia na kushindwa siku hiyohiyo ni jambo ambalo Walker pekee anaweza kulieleza vizuri.

Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi Agosti 1979, Sebastian Coe wa Uingereza alipoivunja. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu zaidi sana: ilivunjwa mwaka 2022 jijini Birmingham na Oliver Hoare wa Australia, baada ya miaka 48. Uwanja wenyewe haupo. Queen Elizabeth II Park iliharibiwa na tetemeko la ardhi lililoipiga Christchurch Februari 2011, kisha ikabomolewa.

Kwa Watanzania wengi mbio zile zilikuwa sauti kabla hazijawa picha. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Habari ilikuja kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ya mkulima, ya betri, yenye kifuko cha ngozi, na baadaye kwa gazeti lililosafiri siku kadhaa kwa basi kabla ya kufika kusini. Picha ya Bayi kwenye Uhuru au Daily News ndiyo ilikuwa picha pekee ambayo mtu wa Ruvuma angeweza kuishika. Ikishasomwa na nyumba tatu nne, gazeti lilikuwa na kazi nyingine: kufungia maandazi, kutandika kabati la vyombo, kuziba ufa wa dirisha. Hayo hayakuwa makosa. Karatasi ilikuwa adimu.

Mei 17, 1975, Kingston, Jamaica, Bayi akaongeza rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0. Ilidumu chini ya miezi mitatu. Agosti 12 mwaka huohuo Walker alikimbia Göteborg, Sweden, kwa 3:49.4 na kuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Kwa hiyo ulipoingia mwaka 1976 dunia ya riadha ilikuwa na swali moja kuhusu Montreal: Bayi au Walker?

Montreal, na homa

Jibu halikupatikana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu katikati ya mwaka huo, wakati Soweto ilikuwa inawaka na wanafunzi wanauawa. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, na nchi zaidi ya 20 za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikajitoa. Walker alishinda mita 1,500 kwa 3:39.17, mbio za polepole, za kuviziana, aina ileile ambayo Bayi asingeiruhusu.

Uamuzi wa Tanzania una heshima yake na haustahili kuombewa radhi. Lakini stempu ile ya shilingi moja ndiyo inayoonyesha bei yake, na bei hiyo aliilipa mtu mmoja kwa miguu yake.

Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni ya hospitali. Wanaofuatilia historia ya Bayi hueleza kuwa kipindi kifupi kabla ya Olimpiki ile aliugua malaria, na kwamba hata kama Tanzania ingekwenda, haijulikani angekuwa na nguvu gani.

Kwa msomaji wa Ruvuma hilo halihitaji maelezo marefu, ila maelezo ya kitabibu yapo na yana faida. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye misuli. Mtu wa kawaida aliyepoteza kiasi cha chembe hizo husema mwili mzito, ngazi zinamchosha, jembe limekuwa zito. Mkimbiaji wa mita 1,500 anatumia karibu kila tone la oksijeni ambalo mwili unaweza kubeba, kwa hiyo upungufu ambao mwalimu au mkulima asingeuona humtoa yeye kwenye medali. Na damu hairudi siku homa inaposhuka. Huchukua wiki kadhaa kujengeka upya.

Wakati ule tiba ya kawaida ilikuwa klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyowafanya watu wajikune usiku kucha. Vimelea vikaizoea. Tanzania iliiacha mwaka 2001 na kuhamia dawa ya SP, kisha mwaka 2006 ikaanza dawa mseto inayotumika hadi sasa. Babu mwenye stempu ya Bayi ameumwa na kutibiwa kwa dawa zote tatu. Hiyo pia ni historia, na mjukuu angeweza kumuuliza.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayekimbia, anayecheza mpira au netiboli shuleni, ushauri wa wataalamu ni uleule: homa ipimwe siku hiyohiyo kwa kipimo cha haraka cha zahanati, dozi imalizwe hata akianza kuchangamka, na asirudishwe kwenye mazoezi makali kwa sababu tu joto limeshuka. Akiwa bado amepauka viganja na anahema haraka, arudishwe kwanza zahanati apimwe wingi wa damu. Kocha anayemwambia “jikaze” mtoto wa namna hiyo anamwonea.

Bayi alirudi. Moscow, Julai 31, 1980, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa mtindo wake wa siku zote, akawaacha wenzake mbali. Kwenye mzunguko wa mwisho Bronislaw Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui akatwaa fedha nyingine kwenye mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Olimpiki ya Paris 2024 ilipofungwa, medali hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Baadaye Bayi aliitumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi akiwa katibu mkuu, na akajenga shule zenye jina lake Kimara, Dar es Salaam, na Kibaha. Wapo wanafunzi waliosoma humo kwa miaka wakidhani Filbert Bayi ni jina la shule tu.

Kadi ya dola milioni 12

Sasa Marekani. Huko mchezo wa besiboli una utamaduni wa kadi: vipande vidogo vya karatasi ngumu, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Zilianza kama chambo cha biashara, zikiwekwa ndani ya pakiti za sigara na baadaye za ubani wa kutafuna. Mwaka 2022 kadi ya Honus Wagner, ya mwanzoni mwa karne ya 20, iliuzwa dola milioni 7.25. Ni adimu kwa sababu uchapishaji wake ulikatishwa mapema, na simulizi inayopendwa zaidi ni kwamba Wagner hakutaka picha yake iwavutie watoto kununua tumbaku. Mwandishi yeyote wa afya angependa simulizi hiyo iwe kweli.

Agosti mwaka huohuo kadi ya Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Miaka miwili baadaye jezi aliyovaa Babe Ruth mwaka 1932 ikafika dola milioni 24.12. Kwa upande wa riadha, viatu ambavyo daktari Roger Bannister wa Uingereza alivaa mwaka 1954 alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, viliuzwa London mwaka 2015 kwa pauni 266,500. Ni maili ileile ambayo Bayi alikuja kuimiliki miaka 21 baadaye.

Kilichoifanya kadi ya Mantle iwe ghali hivyo hakitofautiani na kilichotokea kwa magazeti yetu. Kadi za 1952 ambazo hazikununuliwa, inasimuliwa, zilipakiwa kwenye mashua na kutupwa baharini kwa sababu zilikuwa zinajaza ghala. Zilizonunuliwa nyingi zilitupwa na akina mama waliokuwa wanasafisha vyumba vya watoto waliokua na kuondoka. Zilizobaki ndizo zikawa mali.

Kabla hujakimbilia chini ya kitanda, tahadhari. Stempu ya Bayi haikuwa adimu. Ilitolewa kwa matumizi ya kawaida ya posta na haitakununulia hata baiskeli. Mtu akikufuata kwa simu akidai anaweza kuiuza mamilioni ukimtumia kwanza “pesa ya usajili”, kata simu.

Thamani yake nyingine ndiyo inayoihusu familia, na huko St. Louis, Marekani, wameshaiona. Mashabiki wazee wa timu ya besiboli ya Cardinals wenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu, hukutanishwa kwenye vikundi vya kushika glovu za zamani, kutazama picha za wachezaji na kuzungumza. Scotland wanao mpango kama huo wa mpira wa miguu, ukitumia picha za mechi za miaka ya ujana wa wazee hao. Mtu asiyekumbuka amekula nini asubuhi hutaja kikosi kizima cha mwaka fulani.

Si miujiza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2018 yalikuta faida za mazungumzo ya namna hiyo kuwa ndogo na zisizolingana kutoka kundi moja hadi jingine. Ugonjwa wenyewe hauponi. Lakini faida ndogo katika mawasiliano na hali ya mtu, isiyohitaji dawa wala nauli ya kwenda Songea mjini, si ya kudharauliwa.

Sababu inajulikana. Kumbukumbu za kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi ndizo hubaki imara kuliko nyingine kwa watu wengi. Aliyekuwa na miaka 15 Bayi aliposhinda Christchurch leo anakaribia au amefika 70. Jina la Bayi limekaa kwenye chumba kilekile cha akili chenye jina la mwalimu wake wa darasa la saba, wimbo wa mchakamchaka, na msichana aliyemwandikia barua bila kupata jibu.

Ugonjwa huu upo kwetu. Utafiti uliofanyika vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta takriban watu sita katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia. Nyumbani huitwa “uzee”, au hupewa majina mabaya zaidi, na mzee anayerudia swali lilelile mara tano hufokewa au hufungiwa ndani. Anayeanza kupotea njia aliyoizoea, kusahau majina ya watoto wake au kubadilika tabia apelekwe kituo cha afya. Baadhi ya hali zinazofanana na demensia, kama upungufu wa vitamini, msongo au dawa zinazogongana, hutibika.

Kuuliza bila kumtahini

Namna ya kutumia vitu vya sandukuni ina adabu yake. Kosa la kwanza la watoto na wajukuu ni kuuliza “unakumbuka hii?” Kwa mzee ambaye kumbukumbu inamponyoka, huo ni mtihani, na akishindwa mbele ya wajukuu anaaibika na kunyamaza. Ni afadhali kumpa kitu mkononi, ashike, anuse, kisha useme, “Babu, tusimulie hii.” Atasimulia anachotaka. Inawezekana akaruka Christchurch yote na kueleza redio yenyewe: aliyekuwa nayo, betri zilivyoanikwa juani ziongezeke nguvu, watu walivyojaa uani.

Akisema Bayi alimshinda Walker Montreal, usibishane naye. Andika alichosema. Tarehe utazitafuta baadaye. Sauti yake hutaitafuta baadaye. Simu nyingi, hata za bei ya chini, zinarekodi, na dakika kumi zinatosha kabla hajachoka. Watu wa Ruvuma hawahitaji kufundishwa umuhimu wa jambo hili: kila mwaka, ifikapo Februari 27, Songea huwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906, na makumbusho ya vita hivyo yapo palepale mjini. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu maisha ya familia zao ilitoka midomoni mwa wajukuu waliouliza.

Kuhusu vitu vyenyewe, karatasi za zamani zina adui watatu: unyevu, mwanga na wadudu. Sanduku liinuliwe juu ya matofali lisiguse sakafu, mchwa wasipate njia. Lifunguliwe siku kavu, kivulini. Jua kali hufuta wino wa picha kwa wiki chache. Stempu isibanduliwe kwenye bahasha, kwa kuwa muhuri wa posta unaonyesha mji na tarehe, na anwani inaonyesha barua ilikuwa ya nani. Gazeti lililochanika lisiunganishwe kwa selotepu, ambayo hugeuka njano na kula karatasi, wala lisipelekwe kufanyiwa lamineshani. Majina ya watu yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, sio kalamu ya wino. Halafu kila kitu kipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu wawili watatu walio mbali, ili nyumba ikiungua kisibaki majivu tu.

Na hapa afya inaingia tena. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza mende na nondo ni sumu. Mtoto huviona kama pipi. Akimeza, baadhi yake vinaweza kupasua chembe nyekundu za damu, hatari zaidi kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana katika maeneo yenye malaria. Visiwekwe kwenye sanduku ambalo wajukuu wanalifungua. Dawa ya kupuliza wadudu isipulizwe juu ya karatasi zitakazoshikwa na mikono. Na karatasi zenye ukungu mweusi zikung'utwe nje, kitambaa kikiwa kimefunga pua. Mwenye pumu akae mbali kabisa.

Kizazi kinachokua sasa kina tatizo tofauti. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, kila mwenye simu aliona video yake siku hiyohiyo. Ni wangapi wana chochote cha siku ile kitakachokuwepo mwaka 2075? Simu itakuwa imeharibika, laini imefungwa. Gazeti la kesho yake, lililokunjwa vizuri na kuandikwa kwa penseli nani alilinunua na wapi, lina nafasi nzuri zaidi.

Mvua ikikatika Namasakata, lipo jambo moja zaidi la kufanya na stempu ile, na halina gharama. Kuzunguka nje ya mistari ya uwanja wa mpira wa kawaida ni kama mita 340 hadi 350. Ongeza hatua 60 ndefu za mtu mzima, unapata mita 400 hivi. Mjukuu avue ndala, asimame kwenye kona. Babu akae kwenye kiti, simu mkononi, saa ya kuhesabu sekunde ikiwa tayari. Bayi alipita hapo kwa chini ya sekunde 55, akiwa na njia ndefu mbele yake.

Mtoto anaondoka kwa kasi, matope yanaruka. Nusu ya njia anapungua. Anafika akihema, mikono magotini, anataka kujua amepata ngapi.

“Moja na nusu,” anasema babu. “Haya, usikae. Bado mizunguko miwili na robo tatu.”